Tusiimbe kwa Huruma Peke Yake

Hotuba ya ufunguzi wa usiku wa nyimbo za kupinga vita, kuchangia watoto wa mashariki mwa Kongo. Dar es Salaam.

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu, wanamuziki, majirani mliokuja na watoto wenu, na ninyi mliopanda basi kutoka Kigoma kwa ajili ya usiku huu, habari za jioni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Kamati imenipa muda kidogo kabla vyombo havijaanza kulia. Nitautumia kusema jambo moja, maana najua hamkuja kusikiliza maneno ya mtu asiyejua hata kushika gitaa.

Tumekuja kuchanga, ndiyo. Lakini kwenye tangazo la usiku huu tuliandika kwamba hizi ni nyimbo za kupinga vita, na tuliandika hivyo tukijua tunachoandika. Mtoto wa Goma hakukumbwa na mafuriko wala tetemeko. Kuna watu wanatoa amri, kuna watu wanatoa silaha, kuna watu wananunua madini yanayolipia silaha hizo. Tukimchangia mtoto huyo daftari na uji, halafu tukanyamaza kuhusu wanaomfukuza kwao, tutakuwa tunarudi hapa kila mwaka na kapu lile lile. Mimi sitaki turudi kila mwaka. Nataka siku moja tukose sababu ya kurudi.

Kwa wale ambao hawakuwa wakifuatilia: mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini. Februari wakaingia Bukavu. Pembezoni mwa Goma, huko Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na Rusayo, kulikuwa na kambi zenye mamia ya maelfu ya watu waliokwisha kukimbia vita Masisi na Rutshuru. Mnaoifahamu Goma mnajua ardhi yake. Ni mawe meusi ya volkano, yametoka mlima Nyiragongo. Huwezi kupigilia vigingi vya hema kwenye mawe yale, kwa hiyo watu walikunja vijiti wakavifunga kamba, wakatandaza turubai juu na kulibana kwa mawe pembeni. Mtoto alilala juu ya yale mawe, na mama akiweza hutandika majani ya migomba au gunia chini yake. Asubuhi mtoto huyo huyo anabeba dumu kwenda kutafuta maji. Hayo yalikuwa maisha ya kambini hata kabla mji haujaanguka. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi upande wa Mugunga, na wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Mji ulipoanguka, Februari, waliobaki kwenye kambi wakaambiwa wana saa 72 wawe wameondoka. Warudi makwao, wakaambiwa. Makwao wapi, kwenye nyumba zilizoezuliwa na mashamba ambayo hakuna aliyeyapanda?

Kuna taarifa nyingine nitaisema kwa kifupi kwa sababu watoto wako hapa. Aprili 2025 UNICEF ilieleza kwamba katika kipindi kikali kuliko vyote cha mapigano yale, mtoto mmoja alikuwa akibakwa kila nusu saa mashariki mwa Kongo. Hilo ni shirika la Umoja wa Mataifa linalozungumza, na linazungumzia visa vilivyoripotiwa tu.

Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na za Kusini mwa Afrika walikutana papa hapa Dar es Salaam. Tunakumbuka barabara zilivyofungwa. Walitaka mapigano yasimame mara moja bila masharti, wakawapa wakuu wa majeshi siku 5 wakutane waseme itakuwaje. Siku ya tano, tarehe 13 Februari, mwanamuziki aitwaye Delcat Idengo alipigwa risasi akafa mjini Goma, akiwa kwenye kazi ya kurekodi video ya wimbo wake.

Idengo aliimba kwa Kiswahili, lugha hii hii. Serikali ya Kinshasa ilikuwa imemtia ndani gereza la Munzenze. Mji ulipoanguka na milango ya gereza kuvunjwa, akatoka pamoja na wafungwa wengine. Angeweza kuvuka mpaka akakaa kimya, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaenda kuimba tena, safari hii akiwapinga walioushika mji. Si lazima ukubaliane na kila alichoimba. Mimi mwenyewe yapo niliyoyasikia nikatikisa kichwa. Lakini mtu aliyefungwa na upande mmoja kwa ajili ya mdomo wake, halafu akauawa mji ukiwa chini ya upande mwingine, anatuambia kitu kuhusu nguvu ya wimbo ambacho sisi tulio salama huku tunakisahau. Watu wenye bunduki wanausikiliza muziki kwa makini kuliko sisi tunaoucheza.

Na sisi wa Dar tumeucheza sana muziki wa Wakongo. Orchestra Maquis ilitoka huko ikaweka makazi hapa miaka ya 1970. Makassy nayo ilikuwa bendi ya Wakongo. Dokta Remmy Ongala alizaliwa Kongo, akaja kupiga na Makassy, akaishia kuongoza Super Matimila na kuwaimbia walalahoi wa mji huu. Alifariki Desemba 2010. Leo ukipanda daladala ukamwambia konda akushushe Sinza kwa Remmy, hakuulizi Remmy ni nani. Remmy aliimba habari za maskini na tajiri, za kifo, za gonjwa ambalo wakubwa hawakutaka litajwe, na zipo nyimbo zake ambazo redio haikukubali kuzipiga. Watu wakazijua hivyo hivyo. Mtoto wa Kongo alitusemea sisi tulipokuwa tunaogopa kujisemea. Huo ni mkopo, na bado haujalipwa.

Sasa niseme habari ya fedha, maana hapo ndipo matamasha mengi ya namna hii yameharibikia.

Tarehe 1 Agosti 1971, New York, Ravi Shankar na rafiki yake George Harrison walifanya tamasha kwa ajili ya watu wa Bangladesh. Kulikuwa na kimbunga kikubwa Novemba 1970, kisha Machi 1971 vita, na wakimbizi wapatao milioni 10 walivuka kuingia India, wengi wao watoto. Shankar alikuwa Mbengali. Zile zilikuwa habari za nyumbani kwake. Walipiga mara mbili siku hiyo hiyo, na watu kama 40,000 walihudhuria. Na kumbukeni: wakati ule serikali ya Marekani ilikuwa upande wa Pakistani, na nchi inayoitwa Bangladesh haikuwa imetambuliwa na Washington. Kuliandika jina hilo kwenye tangazo katikati ya jiji la New York kulikuwa tayari ni kuchagua upande. Wale hawakuimba kwa huruma peke yake.

Fedha za mlangoni, zaidi ya dola 243,000, zilifika UNICEF. Lakini fedha kubwa zaidi zilitoka kwenye santuri na filamu, na hizo zilikwama miaka na miaka mikononi mwa mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa sababu mambo ya kisheria hayakupangwa na UNICEF kabla ya tamasha. Mamilioni ya dola. Mtoto aliyekuwa na utapiamlo 1971 hakuweza kungoja makaratasi. Nalisema hili kwa heshima kabisa kwa wale wazee, maana walikuwa wa kwanza na hawakuwa na wa kumwiga. Sisi tuna wa kumwiga, kwa hiyo hatuna udhuru.

Ndiyo maana kamati ilikaa kwanza na mwanasheria na mtunza hazina, ndipo ikawatafuta wanamuziki. Wanamuziki wote wamekuja bila malipo, na wengine wamejilipia nauli; Mungu awabariki. Mafundi mitambo wanalipwa, walinzi wanalipwa, na dada zetu watakaobaki kufagia usiku wa manane wanalipwa. Siamini kwamba kumsaidia maskini wa Goma kunahitaji kumdhulumu maskini wa Manzese. Gharama hizo zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pale mlangoni, kila senti, muisome mkitoka.

Kufikisha fedha Goma nako ni kazi. Mji ulipotekwa benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Mtu mwenye akaunti yake na akiba yake halali akabaki anatazama mlango wa benki. Watu wakaanza kuishi kwa fedha za kwenye simu, na wakala mwenye noti akawa mtu mkubwa mtaani, anakata atakavyo. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia shilingi yako yote itamfikia mtoto kama ilivyo, huyo hajawahi kutuma kitu huko. Itapungua njiani. Tulichofanya ni kutafuta njia inayopunguza kidogo, na kugawa kwa vipande vidogo ili kikipotea kimoja visipotee vyote. Wanaopokea upande ule ni walimu na akina mama ambao wamekuwa wakiwalea watoto hawa kabla hatujawajua. Sitawataja majina, wala mitaa yao. Mtaniwia radhi. Kutajwa jukwaani Dar kunaweza kumletea mtu wageni usiku kule Goma.

Naona hapa nieleze kazi yao, kwa sababu inastahili zaidi ya sentensi moja. Mkongo anaposema kadogo anamaanisha mtoto aliyevalishwa sare na kupewa bunduki, na jina hilo limezoeleka tangu vita vya 1996. Mtoto kama huyo akitoroka au akiachiwa, hawezi kurudi nyumbani siku ile ile. Pengine kwao kuko nyuma ya mstari wa mapigano. Pengine jirani anamkumbuka akiwa na bunduki. Pengine wazazi wamehama na hakuna anayejua walipo. Basi anapelekwa kituo cha muda, au kwenye familia ya mtaani inayokubali kumpokea kwa miezi kadhaa huku ndugu zake wakitafutwa. Familia hiyo nayo ina watoto wake wanne au watano na sufuria moja. Mama wa nyumba anampokea kijana wa miaka kumi na minne anayeruka usingizini, asiyekubali kukaa akiupa mlango mgongo, anayekula kwa kasi kama ananyang'anywa. Wiki ya kwanza hamuulizi kitu. Anamtuma maji, anamtuma kuni, anamwacha akae na wadogo. Polepole anaanza kuitwa kwa jina lake la nyumbani. Mama yule hana cheti cha saikolojia, lakini ukimwona anavyopanga sahani ili yule kijana asiwe wa mwisho kupakuliwa, unajua anajua anachofanya. Fedha za usiku huu zinakwenda kwa watu wa namna hiyo: unga, mafuta, ada ya shule, sare, viatu, na nauli ya kumfuata ndugu aliyepatikana.

Kwa hiyo mtoto wa namna hiyo hamtamwona hapa jukwaani. Kuna mtu mwenye nia njema alituambia tumlete mmoja kutoka kambi ya Nyarugusu, Kasulu, asimulie, watu walie, michango iongezeke. Tulikataa. Watoto wa Nyarugusu wapo, Tanzania imewahifadhi Wakongo pale tangu 1996, na wapo waliozaliwa pale wakazaa pale. Lakini mtoto si tiketi. Akisimama hapa akafungua kidonda chake mbele ya watu mia tano wanaokunywa soda, kesho yake sisi tutakwenda kazini na yeye atabaki nacho. Akitaka siku moja kusimulia, akiwa mtu mzima, kwa hiari yake na kwa maneno yake, jukwaa hili ni lake.

Nirudi kwenye nyimbo. Wanamuziki, sasa nazungumza na ninyi hasa.

Tumewaomba mtaje. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika, ripoti baada ya ripoti, kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia M23, Rwanda inakanusha. Wameandika kuhusu Rubaya, kule Masisi, machimbo ya koltani, madini yanayotumika kwenye simu, yaliyoshikwa na M23 Aprili 2024, na kodi ya takriban dola 800,000 kwa mwezi iliyokuwa ikitozwa pale. Wameandika pia kwamba watoto wanaandikishwa na makundi ya pande zote, wakiwemo wanaojiita Wazalendo wanaopigana upande wa serikali, na FDLR, waasi wenye asili ya Rwanda, na Mai-Mai, wanamgambo wa vijijini. Yote hayo yaimbwe. Msiimbe nusu ya ripoti kwa sababu nusu nyingine inamkera rafiki yenu.

Na kutaja kuna kazi yake. Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi wa Ituri, alitolewa hati ya kukamatwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai 2006, ikawekwa hadharani 2008, na bado aliishi Goma akiwa jenerali, watu wakimwona anapita. Waliendelea kumtaja. Machi 2012 mahakama ile ile ikatoa hukumu yake ya kwanza kabisa tangu iundwe, dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi, na kosa lilikuwa ni hilo hilo la kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Ntaganda akajisalimisha 2013. Novemba 2019 akahukumiwa miaka 30. Ilichukua muda mrefu kuliko utoto wa mtoto yeyote, najua. Lakini ilifika.

Ila ninalowaomba kwa nguvu zangu zote ni hili: tajeni watu na matendo yao, msitaje kabila.

Hapa nchini kwetu, Arusha, ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Tarehe 2 Desemba 2008 ilimhukumu mwanamuziki, Simon Bikindi, kifungo cha miaka 15. Alikuwa nyota. Nyimbo zake zilipigwa redioni Kigali 1994 wakati watu wakikatwa mapanga. Kilichomtia hatiani hakikuwa nyimbo alizotunga. Ni maneno aliyoyasema mwenyewe kwa kipaza sauti akiwa barabarani, Juni ya mwaka ule, akihimiza Watutsi wauawe. Lakini wale waliomsikiliza barabarani walikuwa wamekwisha kumwamini kwa sababu ya nyimbo. Sauti waliyoicheza kwenye harusi ndiyo sauti iliyowaambia wakaue. Nimewahi kusoma hukumu ile mpaka mwisho, na ndiyo iliyonifanya nisikubali kabisa mtu anaposema muziki hauna madhara.

Leo Kongo mashariki kuna watu wanaozungumza Kinyarwanda ambao ni Wakongo, wa tangu babu na bibi. Kuna Wanyamulenge wa milima ya Kivu Kusini ambao vijiji vyao vimechomwa na ng'ombe wao wameswagwa. Wana watoto. Watoto wao nao wanalala mawe. Kuna nyimbo zinazozunguka kwenye simu, zenye mdundo mzuri kweli kweli, zinazosema watu hao warudi walikotoka. Anayeimba hivyo anadhani anapinga vita, kumbe anaandikisha askari. Mwenye wimbo wa namna hiyo usiku huu asiupige. Namwambia wazi mbele yenu: mitambo itazimwa. Tulikubaliana hivyo na kila bendi, na kila bendi ilitia saini.

Wapo walioniuliza kama muziki wenyewe una faida yoyote kule. Nitawapa jibu la watu wa Goma. Mwishoni mwa 2013 M23 walishindwa kwa mara ya kwanza, na vijana wetu wa JWTZ walikuwa kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyosaidia kuwashinda. Februari 2014, hata majivu hayajapoa, watu wa Goma wakafanya tamasha kubwa la muziki, wakaliita Amani, kwenye viwanja vya shule ya Mwanga.  Mji ambao umeme wake ni wa kubahatisha, maji yake ni ya kubahatisha, ulitaka kwanza kusikia ngoma zake wenyewe kwa sauti kubwa. Wanajua wanachohitaji. Sisi tunaongeza tu kapu letu juu ya lao.

Basi utaratibu ni huu. Kapu litapita mara moja tu, kati ya bendi ya pili na ya tatu, na wabebaji wamevaa fulana za kijani; asiyevaa fulana ya kijani usimpe kitu. Anayetaka kuchangia kwa simu, namba iko kwenye bango kubwa nyuma yangu, na jina litakalotokea ni la kamati. Likitokea jina la mtu binafsi, usitume. Hesabu zitasomwa hapa hapa ukumbini, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni, na yeyote mwenye tiketi ya leo ana haki ya kuuliza swali. Njooni kuuliza. Mtunza hazina wetu amesema hataki kupigiwa makofi, anataka kuulizwa maswali.

Bendi ya kwanza ni ya vijana wa Uvira waliokulia Kigoma. Wameniambia wimbo wao wa kwanza una beti saba na unataja majina matano. Karibuni jukwaani.